Mate ya Kukhu

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wiki ya tano ya muhula wa pili. Saa naijua kwa sababu redio ya kukhu, ambayo yeye huitundika kwenye mpera tukiwa shambani, ilikuwa imemaliza matangazo ya vifo na mtangazaji akataja saa kabla ya wimbo. Nilikuwa nimeinama kati ya mistari miwili ya miwa, nang'oa magugu. Nilipoinuka, jani la muwa likanipita jichoni, jicho la kulia. Aliyewahi kupalilia miwa anajua jani lile lina meno pembeni. Halikunikata, au nilidhani halikunikata. Lilinipitia tu, kama mtu anayekugonga bega njiani na haombi radhi.

"Usisugue!" kukhu akapaza sauti kutoka mstari wake. Hakuwa ameniona. Alikuwa amenisikia nikivuta pumzi.

Kukhu ni nyanya yangu, mama yake mama. Mama aliolewa mara ya pili huko Lugari, kwenye mashamba ya mahindi, nikiwa darasa la sita, na mimi sikualikwa kwenda kuishi huko. Nikabaki kwa anti, dadake mama, ambaye ni fundi wa nguo, hushona nyumbani na kwenye duka lake dogo sokoni, na ana nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Amalemba, mjini. Siku za shule nalala kwa anti. Wikendi naenda kwa kukhu. Kwa anti naongea nikiulizwa. Kwa kukhu naongea mpaka ananiambia, "Sasa pumzika, utabakisha nini ya kesho?"

Huku kwetu jicho likiingiwa na taka, watu hawafikirii daktari kwanza, wanafikiria kukhu. Wanamletea watoto. Wanakuja hata wakata miwa wenye ndevu, wanapiga magoti mbele ya kigoda chake kama watu wanaopokea mkate kanisani. Alifundishwa na mamake. Anasukutua mdomo kwa maji ya chumvi mara tatu, anatema, anafungua kope kwa vidole viwili, halafu analamba jicho mara moja tu, kutoka pembeni kuja puani. Ulimi wake una joto na unakwaruza kidogo, kama wa ndama. Ukimaliza kupepesa anakuonyesha ncha ya ulimi, na juu yake kuna kile kilichokuwa kinakusumbua, kipande cha bua au kijiwe au mguu wa mdudu. "Huyu hapa mwizi wako," anakuambia.

Siku hiyo maji ya chumvi hayakuwepo shambani. Alisukutua kwa chai baridi iliyobaki kwenye kikombe.

"Reta hiyo jicho nione."

Nikapiga magoti kwenye udongo. Alikuwa ananuka karafuu. Wiki hizo alikuwa na gego la chini lililokuwa likimsumbua, na alikuwa akilibana kwa karafuu asubuhi na jioni badala ya kwenda kuling'oa. Akanilamba. Tukaangalia ncha ya ulimi pamoja, yeye akiwa amegeuza macho chini mpaka yakakutana puani, na hakukuwa na kitu.

"Mwizi ametoroka," akasema, na tukacheka sana.

Nitaandika hapa jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilipenda. Nina miaka kumi na sita na hakuna mtu mwingine duniani anayenishika uso.

Kesho yake jioni, nikiwa naondoka kurudi kwa anti, nilimpita jirani getini akiwa na mtoto wake wa miaka miwili, amemfunga mgongoni, mtoto analia macho yamejaa vumbi la mahindi. Nilisikia kukhu akisukutua kabla sijafika barabarani.

Jumatatu niliamka na jicho jekundu na kope zimegandana. Nilienda shule hivyo hivyo kwa sababu tulikuwa na jaribio la hesabu. Sikufika hata kwenye kiti.

"Wueh! Ameleta macho mekundu!"

"Usimwangalie wewe! Inashikanga na Bluetooth."

"Ati Bluetooth! Zima yako basi!"

Darasa lote likafunika macho kwa viganja na kuchungulia katikati ya vidole. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ni mtu mwingine. Msichana ninayeketi naye tangu kidato cha kwanza alikusanya vitabu vyake polepole, kalamu moja moja, akasema bila kuniangalia, "Si kwa ubaya, eh? Ni mamangu ataniua tu." Dawati langu likasukumwa mpaka karibu na pipa la taka, chini ya dirisha. Nilifanya jaribio kutoka hapo. Wakati wa chakula nilikula huko huko. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wananizunguka tu, kama vile mtu anavyozunguka maji yaliyomwagika. Saa tisa mwalimu wa zamu akaniandikia barua niende nyumbani mpaka nipone.

Anti alikuwa kwenye cherehani.

"Kwani hilo shamba la mama liko na nini?" akasema. "Kila ukienda unarudi na kitu. Juzi funza, leo jicho. Umefanya nini huko?"

"Jani la muwa."

"Na kisha?"

"Nikaosha na maji."

Sikupanga kudanganya. Maneno yalitoka yenyewe, labda kwa sababu ni machache. Anti na kukhu hawaelewani kuhusu mambo ya kulamba. Anti anasema ni ushamba, kwamba watu wa mjini wakisikia watatucheka. Alikuwa ameshasema mwezi uliopita, wakati wa funza, "Ukirudi na kitu kingine kutoka huko, wikendi zako utakaa hapa na mimi." Anti si mtu mbaya. Lakini akisema kitu anakifanya, na wikendi zangu ndizo zilizokuwa zinanifikisha Jumatatu.

Akaenda kwa kemisti akaniletea dawa ya matone. Nikaiweka siku tatu. Jicho likawa kama limepoa, halafu likabadilika. Maumivu yakaingia ndani zaidi, nyuma ya jicho, na mwanga ukawa unanichoma kama pilipili. Alhamisi nilisimama mbele ya kile kioo kirefu ambacho wateja wa anti hujiangalia wakijaribu nguo, nikafungua kope kwa nguvu. Kwenye sehemu nyeusi ya jicho kulikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya chumvi.

Nilimwita anti. Nadhani ni mara ya kwanza nilipomwita kwa sauti, kwa sababu alikuja mbio na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Kwenye kliniki ya macho, siku hiyo hiyo, daktari alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti ya uchovu. Aliniweka kidevu kwenye ile mashine yenye taa nyembamba, akaangalia kwa muda mrefu.

"Hii si macho mekundu," akasema. "Hiki ni kidonda, kiko kwenye kioo cha jicho. Uliumia?"

Nikanong'ona kitu.

"Mtoto wenu anaongea kweli?" akamuuliza anti.

"Anaongea akitaka. Ni jani la muwa, daktari."

"Na baada ya hapo mliweka nini? Maziwa, majani, chochote? Semeni tu, hapa hatugombezi mtu."

Anti akaniangalia. Nikasema, "Maji." Nilisema kwa sauti ya kutosha, ili nisiulizwe tena.

Akanitia dawa ya ganzi, halafu kwa kisu kidogo kama ncha ya sindano akakwangua kidonda. Huumii, lakini unakiona kisu kikija. Alichokikwangua akakipaka kwenye kioo cha hadubini na kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, ili viote vijulikane. Alisema mtu akiumizwa na jani, mara nyingi kinachoingia ni fangasi ya shambani. Tukaambiwa tuache dawa ya kemisti, tuanze ya fangasi, tone moja kila saa. Simlaumu. Kwa maneno niliyompa, angefikiria nini kingine?

Basi nikawa mtu wa kila saa. Anti alikuwa anatoka asubuhi kwenda dukani kwake, sokoni, ananiachia uji kwenye chupa ya themosi na simu ya zamani yenye kengele. Pazia lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mwanga. Kengele ikilia, tone. Ikilia tena, tone. Katikati ya kengele na kengele hakukuwa na kitu. Nilikuwa nasikia watoto wa ploti yetu ya kupanga wakicheza, na mama wa mlango wa tatu akimwita muuza mboga, na saa kumi wanafunzi wakirudi. Niliwatambua kwa viatu. Kesho yake, Ijumaa, viatu vya msichana ninayeketi naye vilisimama mbele ya mlango wetu. Nikangoja. Nilisikia akimwambia mtu, "Ni hapa, lakini tusiingie." Viatu vikaendelea.

Kukhu alipiga simu Jumamosi. "Sijakuona," akasema. "Jicho inakusumbua?"

"Kidogo tu."

"Ungekuja nikuangalie tena."

Nikamwambia nina mtihani. Huo sasa ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa kwa mtu ambaye sijawahi kumdanganya. Alikata simu akisema amenitunzia ingokho, kwamba yule jogoo mwekundu hatachinjwa mpaka nije.

Jumatatu tukarudi kliniki. Kisahani kilikuwa kitupu. Hakuna kilichoota, si fangasi, si bakteria. Lakini doa langu halikuwa tupu. Lilikuwa limekua mpaka kufikia punje ya mchele, na nikifunga jicho la kushoto, daktari alikuwa kivuli chenye koti.

"Nataka nikwambie ukweli," akaniambia mimi, si anti. "Tusipokijua kinachokula hapa wiki hii, kidonda kitafika katikati. Kitapona, lakini kitaacha kovu. Utakuwa unaangalia dunia kupitia karatasi ya mkate. Unanielewa?"

Nikatikisa kichwa kwamba naelewa.

Akamweleza anti kwamba kwenye maabara kuna kazi mpya inafanywa, ya kusoma vijidudu bila kuviotesha. Anti akasaini karatasi. Nikakwanguliwa tena, na msichana wa maabara akaja kuchukua sampuli. Hakuwa ananizidi miaka mingi. Alisema anatoka Sigalagala kila asubuhi na anachukia baridi ya huko. Mimi nilikuwa nimeambiwa ningoje kwenye benchi nje ya maabara mpaka anti arudi kutoka kununua dawa, na nadhani alinionea huruma, kwa sababu alifungua mlango akasema, "Mrembo, unataka kuona?"

Nilitegemea mashine kubwa kama friji. Alinionyesha kitu kinachotosha kwenye kiganja, kama ile mashine ya kubana karatasi, kimeunganishwa na laptop kwa waya.

"Hii tu?"

"Hii tu." Alifurahi kwamba nimeongea. "Wewe ni wa kidato cha tatu, si ndiyo? DNA mmefika? Basi kila kiumbe kina maandishi yake ndani, herufi nne zinajirudia. Hapa kuna vitundu vidogo sana. DNA inapita kwenye kitundu kama uzi kwenye sindano, na mashine inahisi kila herufi ikipita. Halafu laptop inalinganisha, hii ni ya nani, hii ni ya nani."

"Lakini kisahani kilikuwa kitupu."

"Kwa sababu uliweka dawa ya kemisti kabla ya kuja kwetu. Angalia. Mtu akinyunyiza dawa ya magugu, halafu akuletee mzizi uupande uone ni gugu gani, litaota?"

"Halitaota."

"Haya. Lakini akikuletea jani lililokauka, si utalijua?"

Nikasema nitalijua. Magugu yote ya shamba la kukhu nayajua kwa jani.

"Sasa mimi nasoma jani," akasema. "Mpaka kesho mchana nitakuwa na jina la mwenye shamba."

Nilirudi kwenye benchi. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine kinachotembeatembea. Nilijaribu kujiambia ni hofu ya upofu. Haikuwa hiyo. Nilikuwa nafikiria ile chai baridi na harufu ya karafuu, na kwamba kuna kitu kinachotosha kwenye kiganja kitakachokaa usiku kucha kikisoma nilichokificha.

Kesho yake, saa nane mchana, daktari alikuwa na karatasi mezani. Msichana wa maabara alisimama mlangoni, nadhani kwa kutaka tu kusikia.

"Fangasi hakuna kabisa," daktari akasema. "Ni bakteria, na wamejaa. Dawa tunabadilisha leo hii. Hawa tunawaweza." Anti akashusha mabega. "Lakini kuna kitu sikielewi. Hawa si bakteria wa shambani. Ni aina ya streptokokasi wanaoishi mdomoni. Kwenye ufizi, kwenye meno mabovu. Wamefikaje kwenye jicho?"

"Mdomoni?" anti akauliza.

"Mdomoni." Akanigeukia. "Ulilowesha kitambaa kwa mate ukafuta? Usiogope, wengi wanafanya."

Alikuwa amenifungulia mlango, na hata hakujua. Ningetikisa kichwa tu kukubali. Mate yangu, kitambaa changu, kosa langu. Dawa ingekuwa ile ile, jicho lingepona vile vile, na Jumamosi ningekula yule jogoo mwekundu. Nilianza kutikisa. Kweli kabisa, kichwa kilishaanza kushuka.

Ndipo nikamsikia kichwani yule mtoto wa jirani, analia mgongoni kwa mamake, na nyuma yake kukhu anasukutua.

"Ni kukhu," nikasema.

"Sema tena?"

"Kukhu alinilamba. Nyanya yangu. Analambanga macho ya watu. Yuko na jino bovu." Halafu nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia chai, nikawaambia karafuu, nikawaambia mtoto wa miaka miwili aliyelambwa macho yote mawili siku iliyofuata. Sauti yangu ilikuwa kubwa mno kwa kile chumba kidogo. Nikamaliza na, "Si makosa yake. Mimi ndiye nilisema maji."

Anti aliweka mkono mdomoni. "Mama yangu," akasema, na sikujua kama ni kushangaa au ni kumtaja tu.

Daktari hakunigombeza. Angenigombeza ningelia, na kulia kungenisaidia. Aliandika kitu, akasema, "Mwambieni huyo mtoto aletwe aangaliwe. Leo, ikiwezekana. Na huyo mama naye, hilo jino linamwua polepole." Halafu kwangu: "Ungeniambia Alhamisi ile, tungekuwa mbele siku tano." Alisema kama mtu anayesoma ratiba. Nikazihesabu hizo siku tano njia nzima, kila moja na kengele zake.

Dawa mpya ilikuwa imechanganywa pale pale hospitalini na ilitakiwa ikae baridi. Tone moja kila saa, tukaonane Ijumaa.

Jioni anti alimpigia kukhu akiwa ameweka simu kwenye spika, juu ya cherehani, ili mikono yake iendelee kukunja nguo.

"Mama, karibu utupofushie mtoto."

Akaeleza yote. Alieleza kwa Kiluhya, haraka, na nilitamani asitaje mashine, lakini aliitaja, akasema imesoma mpaka ikaona jino. Kisha akangoja. Upande wa kukhu nilisikia kuku wakiingizwa ndani, na mlango wa bati.

"Jicho inaona?" kukhu akauliza mwishowe.

"Daktari anasema itaona."

"Na huyu mtoto wa hapa?"

"Mwambie mamake ampeleke."

"Naenda kumwambia saa hii." Mlango wa bati ukafungwa. "Mimi nimelamba macho tangu nikiwa msichana. Hata yako nililamba."

"Najua, mama."

"Basi," akasema kukhu. "Nimefunga mdomo."

Simu ikakatika. Anti aliendelea kukunja, shati moja, shati la pili. "Huendi huko mpaka nikuambie," akanieleza bila hasira. Halafu akabeba sufuria akaenda kuosha vyombo, na nikamsikia akiliuliza karai, "Mbona mimi sikupofuka?" Alikaa na lile swali na vile vyombo muda mrefu kuliko vyombo vilivyohitaji. Mimi nilikaa kwenye kitanda changu nyuma ya pazia. Nilikuwa nimesema ukweli, na hapakuwa na mtu wa kumwambia jinsi nilivyojisikia, kwa sababu mtu ambaye humwambia mambo hayo ndiye niliyemsema.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya kengele. Niliweka tone, nikaoga, nikavaa sketi ya nyumbani na ile kofia pana ya anti. Nikaenda kwa muuza soda wa ploti, nikamwomba barafu, nikaimimina kwenye chupa ya uji na kuitumbukiza dawa humo ikiwa kwenye karatasi yake ya plastiki. Anti alikuwa anapima rinda la mteja, pini zimejaa mdomoni.

"Anti, naenda kwa kukhu."

Akanitolea macho. Alitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini alichofunga mkononi. "Jana nilikuambia nini?"

"Ulisema mpaka uniambie." Moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka kwenye jicho. "Basi niambie."

Mteja akajifanya anaangalia rinda. Anti aliitazama chupa, akaifungua, akaona barafu, akaifunga tena na kukaza kifuniko zaidi ya nilivyokikaza mimi.

"Saa tisa uwe hapa," akasema. "Na asikulambe."

Nilimkuta kukhu kwenye kigoda, mlangoni pa jikoni, leso yake ameizungusha kichwani na kuivuta mpaka ikafunika mdomo na pua. Redio ilikuwa kimya kwenye mpera. Aliponiona alinyoosha mkono, kiganja mbele.

"Simama hapo hapo."

Nikasimama.

"Mtoto wa jirani ako sawa. Walienda jana hiyo hiyo, wakarudi usiku sana, wamepewa dawa kidogo." Alikuwa anaongea na magoti yangu, na leso ilikuwa inapanda na kushuka. "Mimi nitaenda Jumatatu wanitoe hii jino. Umekuja kuchukua kuku? Nitakufungia umpeleke kwa anti yako. Mkule huko."

"Sijakuja kuchukua kuku."

Nikasogea. Alijirudisha nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akashika leso kwa mkono wote. Nilikaa chini kwenye mkeka, miguuni pake, nikafungua chupa na kumpa kile kichupa baridi.

"Ni tone moja," nikamwambia. "Unavuta kope la chini, unadondosha. Usiguse jicho na ncha."

"Mimi? Mikono yangu inatetemeka."

"Yangu pia inatetemekanga."

Aliosha mikono kwa sabuni, mara tatu, vile alivyokuwa akisukutua. Nikaweka kichwa mapajani pake nikaangalia juu. Kwa jicho la kulia alikuwa ukungu wenye leso. Kwa la kushoto nilimwona vizuri, na niliona kwamba alikuwa amelia kabla sijafika. Vidole viwili vikafungua kope. Tone la kwanza likaanguka shavuni.

"Mwizi ametoroka," nikasema.

Leso ikatikisika. La pili likaingia. Ilikuwa saa nne kamili. Hakuniondoa kichwa mapajani, nami sikukiondoa, tukakaa hivyo tukingoja saa tano.